Sikukuu Yako, Mimi Kazini

Leo nakupa stori ya jinsi nilivyonusurika kupigwa chini kwa sababu ya kalenda. Ndiyo, kalenda! Vuta kiti.

Ilikuwa Januari 2018. Mimi nilikuwa Auckland, kule New Zealand, nabeba maboksi kwenye ghala moja. Zamu zangu Alhamisi mpaka Jumatatu. Mchumba wangu, mtoto wa Tanga, alikuwa Wellington, anafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto, Jumatatu mpaka Ijumaa. Yaani mimi nikipumzika, yeye anabembeleza watoto wa watu. Yeye akipumzika, mimi mgongo umepinda. Na kati yetu kuna kilometa zaidi ya 600, basi la usiku linatambaa kama saa 11.

Sote tulikuwa na miezi mitatu tu majuu, akili bado za Kibongo. Kwetu sikukuu ni sikukuu, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara.

Basi siku moja akanipigia, sauti tamu kama halua. "Mpenzi, Jumatatu tarehe 22 ni sikukuu, tumefunga. Njoo bwana." Kwani mimi nakataa? Nikakata tiketi ya basi la Jumapili usiku, nikanyoa, nikapiga pasi shati.

Jumapili mchana napita kwenye ubao wa zamu, naona jina langu limekaa pale Jumatatu, saa moja asubuhi. Nikamwendea msimamizi. "Bosi, kesho si sikukuu?" Akanitazama kama nimeshuka kutoka mwezini. "Sikukuu gani?"

Tiketi ikaoza mfukoni. Jumatatu nikaenda kubeba maboksi.

Nilipompigia simu kumweleza, ndipo nilipoijua Tanga. "Yaani nchi nzima imelala, wewe peke yako ndiye unayefanya kazi? Sema tu umepata mwingine, usinizungushe." Nikaapa kwa kila kiapo ninachokijua. Wapi!

Sasa sikia kilichofuata. Jumapili ya pili yake, jioni tunafunga, msimamizi anatangaza: "Kesho hakuna kazi, sikukuu." Jamani! Basi la Wellington limeshajaa. Jumatatu tarehe 29, saa nne asubuhi, mimi niko kitandani, nikamwona simuni mtu wa kumpunguzia hasira. Akapokea, nasikia watoto wanalia nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, mpenzi. Leo sikukuu."

Kimya. Halafu akasema polepole, "Wiki jana sikukuu ulikuwa kazini. Leo kazi, uko kitandani. Haya, msalimie huyo uliyelala naye." Kata.

Alhamisi nilifika kazini uso kama nimefiwa. Mzee mmoja wa Kimaori tuliyekuwa tunapanga naye maboksi akaniuliza kulikoni. Nikamwaga yote. Alicheka mpaka akakaa chini! Kisha akanipeleka kwenye kalenda ya ukutani, akanionyesha maandishi madogo chini ya tarehe ambayo sijawahi kuyasoma.

Kumbe kule kila jimbo lina sikukuu yake ya kuzaliwa. Wellington wanaadhimisha tarehe 22 Januari 1840, siku meli ya walowezi iitwayo Aurora ilipofika bandari yao. Auckland wao wana tarehe 29 Januari 1840, siku Kapteni William Hobson aliyetumwa na Uingereza alipofika Bay of Islands, ambako wala si Auckland, ni mbali huko kaskazini! Kila mmoja anachukua Jumatatu iliyo karibu na tarehe yake. Mwaka ule tarehe zote mbili ziliangukia Jumatatu penyewe, mimi zikaniangukia kichwani.

Na vituko haviishi hapo. Canterbury tarehe yao ni 16 Desemba 1850, lakini watu wa Christchurch wanapumzika Ijumaa moja ya Novemba ili waende kwenye maonyesho ya kilimo, Nane Nane yao hiyo. Taranaki walizaliwa mwishoni mwa Machi, wakaona wanagongana na Pasaka, wakairudisha nyuma hadi Jumatatu ya pili ya mwezi huo. Southland ilikuwa jimbo kuanzia 1861, mwaka 1870 ikarudi ndani ya Otago ilikotoka. Miaka 9 tu! Lakini hadi leo wana siku yao, Jumanne baada ya Pasaka.

Nikamwuliza mzee, hayo majimbo yanatawaliwa na nani? Akasema hayapo, yalifutwa mwaka 1876. Serikali zake zimekufa, mabunge yake yamekufa, sikukuu imebaki, tena kwa sheria. Ukiitwa kazini siku hiyo unalipwa mara moja na nusu na kupewa siku nyingine ya kupumzika. Nani akubali kufuta kitu kama hicho?

"Ila sisi tulikuwepo kabla ya hizo meli," mzee akaongeza, safari hii hacheki. "Tarehe 6 Februari, siku nane tu baada ya Hobson kufika, wazee wetu walianza kutia saini mkataba wake kule Waitangi. Mpaka leo tunabishana juu ya kilichoandikwa mle. Siku hiyo ndiyo nchi nzima inapumzika. Jumanne ijayo. Nenda kamwone mchumba wako."

Nikapiga picha ile kalenda, maandishi madogo yote yanaonekana, nikamtumia. Haikujibiwa. Usiku wa saa tano ndipo simu ikalia. Ujumbe mfupi: "Sasa hiyo ya tarehe 6, nayo ni ya jimbo gani?" Nikajibu: "Ya kwetu sote."

Jumatatu usiku nikapanda basi na lile shati langu. Alfajiri nikafumbua macho, jua linatoka, shingo imekauka. Alikuwa ananisubiri kituoni, amevaa sweta kubwa, amenuna kidogo kwa ajili ya heshima. Tulikaa ufukweni siku nzima tukila viazi vya kukaanga na kuwafukuza ndege wa baharini. Kabla ya jua kuzama akatoa kalamu na kalenda mpya, tukatia alama kila siku ambayo sote tuko huru. Zilikuwa chache, msomaji wangu, zinahesabika kwa vidole. Hakuna hata moja tuliyoichezea.

Siku hizi tuko Tabata, nyumba moja, sikukuu moja. Enzi za mkoloni Tanganyika nayo ilikuwa na majimbo, na leo hakuna anayefunga duka kwa ajili yake. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni mikoa tangu 2012, ikifika siku yao watu wanaamka na daladala kama kawaida. Mimi silalamiki. Sikukuu ukiwa peke yako ni siku ya kufua tu.

Mei Mosi iliyopita nilikuwa nyumbani kutwa. Ilipofika saa nane mchana, mtoto wa Tanga akanitazama nilivyojilaza kwenye kochi lake, akauliza, "Hivi wewe Auckland hawakuhitaji?"

Tuonane wiki ijayo.