Wimbo wa Kununa Usifutwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana mabwenini muhula huu, nalo ni hili: yafaa watoto waimbe nyimbo za kuchekesha zinazosifu kununa, au haifai? Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo. Lakini wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wametunga wimbo wa namna hiyo kwa ajili ya Siku ya Wazazi, na baadhi ya wakubwa wataka ufutwe katika orodha ya burudani, ati wafundisha adabu mbaya. Mimi naona usifutwe, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wasomaji ambao hawajausikia, wimbo wenyewe ni huu. Mwimbaji ajiita mfalme wa wenye kununa. Ainunia kengele ya alfajiri kwa kuwa yalia. Ainunia Jumapili, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa nyuma yake iko Jumatatu. Maharage yakiwa mengi ayanunia, na yakiwa machache ayanunia zaidi. Mwishowe awanunia wenzake kwa sababu wamemchekesha na kumharibia kazi yake. Wenzake nao waitikia huku mashavu yamejaa hewa, na miguu yapiga chini kwa mwendo wa ngoma.

Wanaoupinga wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu akiimba jambo hulizoea, basi anayeimba kununa atakuwa mnunaji. Ya pili ni kwamba wazazi hulipa nauli kutoka mbali waje kuona watoto waliofunzwa, hawaji kusikia malalamiko ya chakula. Hoja hizi si za kudharauliwa, na nitajaribu kuzijibu moja moja.

Sisi wa Kidato cha Nne tumefundishwa majigambo katika fasihi simulizi. Mtu husimama mbele za watu, akajisifu kwa ushujaa wake na matendo yake makubwa. Wahaya wana vivugo vyao, na makabila mengine yana vyao. Sasa, wimbo wa kununa ni majigambo yaliyopinduliwa. Sauti ni ile ile ya shujaa, kifua ni kile kile kilichotunishwa, lakini badala ya mkuki pana mdomo uliochongoka, na badala ya vita pana andazi alilonyimwa. Kichekesho chatoka hapo. Mtoto hawezi kuuimba wimbo huo vizuri asipojua kwamba kununa kwake ni kudogo kuliko sauti anayoitumia. Akijua hivyo, amekwisha kujifunza jambo ambalo mahubiri mengi ya kukataza kununa hayakumfundisha.

Tena yatupasa kutofautisha wimbo unaomcheka mnunaji na wimbo ambao mnunaji mwenyewe huuimba. Wamarekani wana mifano ya namna zote mbili. Katika filamu ya televisheni ya mwaka 1966 iitwayo How the Grinch Stole Christmas!, mwimbaji amwimba Grinch kwa kumsema ubaya wake, na Grinch mwenyewe haulizwi kitu. Lakini katika kipindi cha watoto kiitwacho Sesame Street, kilichoanza mwaka 1969, yumo kikaragosi mmoja, jina lake Oscar, akaaye ndani ya pipa la taka. Mwanzo manyoya yake yalikuwa ya rangi ya machungwa, kisha yakawa ya kijani. Yeye huimba mwenyewe, kwa wimbo uliotungwa na Jeff Moss, akisifu takataka zake kama mtu anayesifu mali ya baba yake. Watoto wamemwimbia hivyo miaka mingi, na hatukusikia kwamba wamehamia mapipani. Aliyemchezesha Oscar tangu mwanzo, Bwana Caroll Spinney, ndiye huyo huyo aliyemchezesha ndege mkubwa wa manjano, mwenye furaha na moyo mwema; alistaafu mwaka 2018. Mtu mmoja alibeba kununa na furaha, wala kimoja hakikuua kingine.

Liko jambo jingine. Kununa hupenda upweke. Anunaye hugeuza uso ukutani, akataka dunia nzima ije imbembeleze. Lakini kwaya ina mashauri yake: lazima umsikilize jirani yako, ushike mpigo, uingie kwa zamu yako na unyamaze kwa zamu ya mwenzako. Watoto thelathini wanaonuna pamoja kwa mpigo mmoja wamekwisha kupatana. Anayetaka kuona na aende kuwatazama jioni wakifanya mazoezi. Ubeti wa tatu haufiki mwisho kabla mashavu hayajapasuka kwa kicheko.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Wazee wetu hawakumponya mwenye kususa kwa hotuba. Walimwambia kwa kanga, “Ukisusa, wenzio twala,” naye akasogea kwenye sinia mwenyewe. Babu na bibi nao ni watani wa wajukuu zao. Mjukuu akivimba, babu huvimba kumshinda, mpaka mtoto akacheka kwa kuona uso wake mwenyewe juu ya ndevu nyeupe. Hiyo ndiyo dawa tuliyorithi, na wimbo wa Kidato cha Kwanza ni dawa hiyo hiyo katika chupa nyingine.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Bweni si nyumbani. Mtoto wa miaka kumi na minne huletwa hapa na tranka lake, na usiku wa kwanza husikia wenzake arobaini wakikoroma badala ya mama yake akifunga mlango. Katika bweni letu alikuwapo mwanafunzi mgeni ambaye hakununa hata siku moja. Alikula alichopewa, aliitika alipoitwa, akasifiwa kuwa mtulivu. Wiki ya tatu alionekana alfajiri katika kituo cha mabasi, tranka kichwani, hana hata nauli ya kumfikisha nusu ya njia. Alirudishwa salama, na leo ndiye apigaye ngoma ya wimbo huu. Mnunaji tunamjua, matroni amjua, kiranja amjua, na jirani wa kitanda amjua. Wa kuogopewa ni yule aliyefundishwa kuficha. Tukiwaambia watoto kwamba shule njema ni shule isiyokuwa na uso uliokunjwa, hawatakosa huzuni. Watakosa mahali pa kuitoa.

Nakubali kwamba wimbo wa namna hii una mipaka yake. Usitaje mtu kwa jina, maana hapo si kununa tena, ni masimango. Usicheke kilema cha mtu wala umaskini wa kwao. Na mwenzetu aliyefiwa au mgonjwa asiimbiwe kabisa. Huyo ahitaji mtu wa kukaa naye. Walimu wanayo haki ya kuusoma kila ubeti kabla haujafika jukwaani.

Ama kuhusu wazazi, naona tunawahofia bure. Mzazi aliyelea mtoto hakosi kuufahamu uso ulionuna. Amekwisha kuuona mara nyingi kuliko ripoti za mitihani. Akimwona mwanawe amesimama mbele za watu, akijua maneno yake, akishika mpigo na kujicheka mwenyewe, atajua kwamba mtoto ameanza kukua. Kwaya ya mashairi ya nidhamu na iwepo pia. Ndege na pipa vyaweza kukaa katika mtaa mmoja.

Kwa hiyo naomba kamati ya burudani iuache wimbo huo katika orodha, na watoto waliotunga wauongoze wenyewe. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa heshima, na akinikasirisha sana nitamwomba Kidato cha Kwanza ubeti wa nne.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne