Kibanio cha pua kitengenezwe hapa nchini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni huduma ya kwanza kwa watoto wanaotokwa na damu puani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mkoani Dodoma. Kiangazi huku ni vumbi na hewa kavu, na ngozi laini ya ndani ya pua hukauka ikapasuka. Mwaka jana mwanafunzi wa darasa la tatu alitokwa na damu wakati wa mchakamchaka. Nilimlaza chali na kummwagia maji kichwani, kama nilivyofanyiwa mimi utotoni. Mtoto aliimeza ile damu, akaitapika, na shule nzima ikataharuki.

Mganga wa zahanati alinisahihisha. Mtoto aketi, ainamie mbele, apumue kwa mdomo, na sehemu laini ya pua ibanwe dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Kwa watoto, damu hiyo kwa kawaida hutoka karibu na mlango wa pua, ndiyo maana kubana hutosha. Shida ni kwamba mtoto huachia kila mara atazame kama imekoma, na mwalimu mwenye darasa zima hawezi kumshikia.

Basi mganga alichukua vijiti viwili bapa vya kukandamizia ulimi, akavifunga pamoja kwa plasta upande mmoja, na kwa upande wa pili akabana pua yake. Vikakaa!

Wapo watakaosema kibanio cha nguo kinatosha. Sikubaliani nao. Hicho huumiza, na mtoto atakitoa mara moja. Kinachotakiwa ni kifaa kipana, chenye nguvu ya kiasi, kinachoweza kuoshwa.

SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Naomba mafundi wake wakae na madaktari, wakitengeneze kibanio hicho na kukijaribu, kisha kila shule iwe nacho katika sanduku la huduma ya kwanza. Walimu nao waelezwe kwamba damu isipokoma kwa nusu saa, au ikiwa mtoto ameumia kichwa, apelekwe hospitali upesi.

Tusingoje kuagiza kutoka nje kitu kinachoanza na vijiti viwili na plasta.

Mwalimu wa Kijijini,
Dodoma.