USHAURI WA BWANA SHAMBA: TUA MZIGO, NYOOSHA MGONGO



Mwezi huu siandiki juu ya mbolea wala dawa ya wadudu. Naandika juu ya chombo kimoja cha kilimo ambacho hakiuzwi dukani. Chombo hicho ni mgongo wako.

Babu zetu Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi. Katika karne ya 19 walibeba nguo, shanga na pembe za ndovu kati ya Tabora na Bagamoyo. Wengine walifika Ujiji. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800. Mtu alibeba kilo 30 hivi, begani au kichwani, kwa miezi miwili au mitatu. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, miezi mitano akingoja wapagazi tu. Bila migongo ya watu, msafara haukwenda. Lakini hata mpagazi alikuwa na kambi. Akifika, alitua mzigo.

Je, wewe unatua saa ngapi? Asubuhi unainama kulima matuta. Mchana unainama kuchuma majani ya tumbaku. Jioni unakaa juu ya kigogo ukifunga majani kwenye vijiti, shingo imeinama. Usiku moto wa bani unakungoja. Misuli ikivutwa upande mmoja kutwa nzima, inachoka na kukaza.

Uko mzigo mwingine usioonekana. Ni mawazo. Pembejeo umekopa, mvua imechelewa, mtoto anataka sare ya shule. Mtu mwenye mawazo hupandisha mabega bila kujua. Hubana meno, na pumzi yake huwa fupi. Baadaye shingo inauma, na kichwa pia. Kunyoosha viungo hakulipi deni, najua. Lakini ukijinyoosha polepole huku ukivuta pumzi ndefu, misuli inalegea na moyo unatulia. Kesho utahesabu deni hilo hilo kwa akili iliyopumzika.

Fanya hivi. Ukimaliza tuta moja au mawili, weka jembe chini. Simama, miguu iachane kidogo. Weka viganja kiunoni kwa nyuma, kisha jikunje nyuma polepole, mara tano. Shusha mabega. Laza kichwa upande wa kulia, hesabu mpaka 20, kisha kushoto. Jioni lala chali juu ya mkeka. Pitisha kanga chini ya unyayo, inua mguu mmoja ukiwa umenyooka, uvute kwa kanga mpaka usikie msuli wa nyuma ya paja unavutika. Hesabu mpaka 20 tena, halafu mguu wa pili. Kina baba, kanga haina aibu.

Usijivute kwa kishindo. Mimi nilifanya kosa hilo baada ya kutwa nzima juu ya pikipiki. Kwa siku tatu sikuweza kuinama kufunga viatu! Kuvutika ni sawa, lakini ukisikia maumivu makali, acha.

Wapo wanaotegemea vidonge vya maumivu kila siku ili waweze kulima. Vidonge kama diklofenaki, vikitumiwa muda mrefu bila ushauri wa mganga, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yasiyokwisha. Mazoezi ya mwili yamo katika ushauri wake.

Lakini si kila maumivu ni ya kunyoosha. Ukifa ganzi miguu, ukishindwa kuzuia mkojo, ukiwa na homa pamoja na maumivu ya mgongo, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mama mjamzito naye aulize kwanza kliniki.

Halafu tazama jembe lako. Kama mpini ni mfupi na unakulazimisha kuinama sana, tafuta mwingine mrefu. Mti mmoja wa mpini hautamaliza msitu wetu wa miombo. Kuni za bani ndizo zinazoumaliza, na hayo tutayazungumza mwezi ujao.