Chakula cha Mgonjwa wa Figo ni Amana



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wiki hii twataka kuzungumza na mama zetu na dada zetu juu ya jambo lililotufika sisi wenyewe. Hatuoni haya kulisema, kwa kuwa ndani yake mna funzo.

Miezi michache iliyopita tulisafiri kutoka Mombasa hadi Nakuru kumzuru shemeji yetu, mume wa dada yetu, akaaye mtaa wa Bondeni. Shemeji ana maradhi ya figo yaliyoletwa na shinikizo la damu la miaka mingi, na mara mbili kwa wiki huenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Kama ilivyo ada ya watu wa pwani, hatukwenda mikono mitupu. Tulipakia tende, madafu, papa mkavu na chupa ya achari ya birimbi. Dada alivipokea kwa furaha, akaviweka jikoni, wala havikuonekana tena. Usiku alimpakulia mumewe wali mweupe kwa kipimo, kabeji na yai, na maji kikombe kidogo. Moyo wetu ukasononeka, tukadhani mgonjwa ananyimwa. Dada alipotoka kidogo kwenda kwa jirani, tulimfungulia shemeji dafu, tukampa na tende saba. Naye alikula na kunywa kwa kutuheshimu.

Kulipopambazuka, miguu yake haikuwa na nguvu na moyo ulimdunda ovyo. Alikimbizwa hospitali, damu ikapimwa, potasiamu ikaonekana imepanda kupita kiasi. Muuguzi alipouliza amekula nini, shemeji alinyamaza ili atusitiri. Ilitubidi tuseme wenyewe. Alhamdulillahi, aliwahiwa. Dada yetu hakutukemea. Alisema tu, "Kaka, hukujua. Hata mimi sikujua, nilifundishwa."

Basi tuliketi naye jikoni, nasi tukafundishwa aliyofundishwa na mtaalamu wa lishe.

Potasiamu ni madini yanayohitajiwa na kila mwili. Figo nzima huitoa iliyozidi kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa, hubaki katika damu, na ikizidi yaweza kuusimamisha moyo pasipo dalili yoyote ya kutangulia. Nayo imo kwa wingi katika vile tunavyovihesabu kuwa ni tiba: tende, dafu, ndizi, machungwa, parachichi, mchicha, maharagwe na viazi. Dada hakuviacha viazi kabisa, maana Nakuru iko jirani na mashamba ya Molo na viazi ndivyo chakula cha wenyeji. Huvimenya, huvikata vipande vidogo, huvichemsha kwa maji mengi, kisha huyamwaga maji yale, maana potasiamu nyingi huondoka nayo. Kwa matunda, humpa kipande cha tufaha au nanasi. Birimbi hailetwi mezani kabisa, kwani ina oksalati nyingi ambayo huziumiza figo. Na jamaa yake, lile tunda lenye umbo la nyota, lina sumu ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa.

Jambo la pili ni chumvi. Chumvi huvuta maji mwilini, hupandisha shinikizo la damu na kuvimbisha miguu. Papa na ng'onda wetu wamejaa chumvi, na viungo vya mchuzi vya pakiti ni hivyo hivyo. Tena Bonde la Ufa ni nchi ya magadi. Hata ziwa la Nakuru maji yake ni ya magadi. Watu wengi huyatia katika githeri ili maharagwe yaive upesi, wasijue kuwa magadi nayo yana sodiamu kama ilivyo chumvi. Dada hutumia ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Wala msidanganyike na chumvi mbadala za dukani, kwani nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

La tatu ni nyama, samaki na mayai. Hapa ndipo wengi hupotea. Mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa kawaida huambiwa apunguze vyakula hivi. Akishaanza, huambiwa aviongeze kwa kiasi, kwa sababu mashine huondoa protini mwilini. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa figo wa mtaa mmoja huenda wakapewa maagizo yanayopingana, na wote wawili wakawa sawa. Ushauri wa jirani, hata uwe wa nia njema kiasi gani, hauwezi kushika mahali pa kipimo cha damu. Maji nayo ni vivyo hivyo: kwa asiyepata mkojo wa kutosha, chai, uji na supu vyote huhesabiwa.

Wasomaji wetu watukufu, dini yetu haikutuacha gizani. Surat al-A'raf, aya ya 31, yatuhalalishia kula na kunywa na kutukataza kupita kiasi, na kiasi cha mgonjwa si kiasi cha mzima. Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, zampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga Ramadhani. Na ambaye hana tumaini la kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Kufuturu kwa tende ni sunna iliyo njema, lakini kuihifadhi nafsi ni wajibu. Aliyekatazwa tende na tabibu na afuturu kwa funda la maji, wala asijione amepungukiwa.

Tulimwuliza dada yetu lililo zito zaidi kwake. Hakutaja kupika. Alisema ni wageni, ambao kila ajaye huleta kitu, na akikataa huitwa mchoyo. Tuliinamisha kichwa.

Basi tuwasaidie wanawake hawa. Tukimzuru mgonjwa wa figo, tumwulize kwanza mwenye jiko lake ni kipi kinachofaa, au tuchangie nauli ya hospitali. Na nyumbani, chungu na kiwe kimoja kisicho na chumvi, kila mzima ajitilie yake sahanini, ili mgonjwa asile peke yake kama aliyetengwa. Dada yetu hula alacho mumewe, nao huketi pamoja.

Twamwomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na awalipe kheri wanaowapimia chakula kwa subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.