Kuhamia Lamu Si Likizo Ndefu

Wasee, hii stori ya "nimeacha Nairobi, naishi Lamu, maisha pole pole" imeanza kuniboo. Kila wiki naona video ile ile: mlango wa kuchonga, punda anapita, halafu maneno matamu juu ya kisiwa kisichokuwa na haraka. Nimeishi hapa mwaka na zaidi. Haraka iko, ni vile tu haifuati saa yako.

Saa ya hapa ni maji. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Yaani yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano. Boti za kwenda Pate na Faza zinapitia mlango wa Mkanda, na maji yakipwa pale ni kina kifupi, kwa hivyo ratiba yao inahama na bahari. Siku za bamvua, njia ya ufukweni kati ya mji na Shela inamezwa na maji mahali mahali. Unangoja au unalipa boti. Na yule mvuvi unayempiga picha akiwa amelala barazani saa sita mchana? Alitoka nyumbani usiku wa manane. Si mvivu, umemkuta ameshamaliza shifti.

Kisha kuna bei. Kisiwa hakina daraja. Basi linakuacha Mokowe, ndege inakuacha Manda, na kote huko unamalizia na boti. Sasa fikiria kitunguu: kimetoka mbali kwa lori, kikashushwa Mokowe, kikapandishwa boti, kikashushwa tena gatini, halafu hamali akakisukuma kwa mkokoteni ama punda akakibeba mpaka dukani. Kila mkono uliokigusa unalipwa, na ndivyo inavyofaa. Mtu anayelia ati sukuma hapa si bei ya Marikiti ajiulize nani angeibeba bure.

Vitu vidogo utazoea. Chumvi inakula chaja na bawaba za milango. Punda analia saa nane za usiku kama mtu anayedai deni. Ijumaa mchana duka limefungwa, watu wako msikitini, rudi baadaye. Mwezi wa Ramadhani ni vigumu kupata mkahawa wa kukaa ukila mchana, jipikie kwako. Hakuna hata moja hapo la kulalamikia.

Lugha nayo itakunyoosha. Tulipata A ya Kiswahili tukadhani tumemaliza. Hapa watu wanaongea Kiamu: leo ni yeo, macho ni mato, njia ni ndia. Na mama wa jirani akikuita "ndoo, mwanangu," usizunguke ukitafuta ndoo ya maji. Amesema njoo.

Lakini kinachonisumbua kabisa ni vile tunavyoingia kwa watu na simu imewashwa. Nyumba za zamani za hapa, za mawe ya matumbawe, zilijengwa zikijua kuna wageni wa aina tofauti. Nje kuna baraza. Mlangoni kuna daka, mahali mgeni anapokaa bila kuona ndani. Hata vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari inashikwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio unapima upana wa chumba. Familia ina nafasi yake, mgeni ana yake. Halafu wewe unasimama kichochoroni, mlango uko wazi kidogo, unachukua video ya mwanamke amekaa kwake hajajifunika, unaiposti. Angesikia hodi angejitanda. Hukupiga hodi.

Watu wanasema mji huu ni jumba la makumbusho. Siyo. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 ukiwa mji wenye watu, wenye madrasa, wenye maharusi, wenye ugomvi wa majirani. Sasa kijana wa hapa anayeoa anatafuta vyumba viwili vya kupanga, na anashindana na mimi na wewe wenye mshahara wa Nairobi, na nyuma yetu kuna mtu wa Ulaya anayetaka nyumba ya kukaa miezi miwili kwa mwaka. Mwenye nyumba si mjinga, anajua kuhesabu. Shela tayari nyumba nyingi ni za wageni. Nikisikia mtu akisema "Lamu bado iko cheap," naomba aseme cheap kwa nani.

Na maji ya kunywa, hii sijaiona kwa video hata moja. Maji matamu ya mji yanatoka kwa visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unaichuja na kuiweka chini, juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda. Ukijenga juu ya vilima, unaziba mdomo wa tangi na kuweka choo juu yake. Hakuna mto hapa, hakuna bomba la kutoka Ndakaini. Ni huo mchanga, matanki ya kuvunia mvua, na hayo matenki ya plastiki kwenye mapaa.

Kwa hivyo ukija kutafuta nyumba, swali la kwanza lisiwe wifi ina spidi gani. Uliza kisima kiko wapi na jirani anapata maji siku ngapi kwa wiki. Kama dalali anakuonyesha kidimbwi cha kuogelea kwa fahari, muulize kinajazwa na nini. Mimi nilimuuliza mmoja, akabadilisha stori akaanza kunionyesha jinsi jua linavyozama.