Mifupa ya Uzeeni Hujengwa Shuleni

Shangazi yangu alianguka sebuleni mwake miaka michache iliyopita, akavunjika nyonga. Hakupanda ngazi wala hakuteleza matopeni. Alijikwaa tu kwenye mkeka. Jamaa waliokwenda kumjulia hali walikubaliana kwa kauli moja kwamba uzee ndio uliomvunja. Nami niliitikia wakati huo, ila siku hizi naishuku hukumu hiyo. Uzee hula akiba ya mifupa iliyokwisha kuwekwa. Swali ni kama akiba yenyewe iliwekwa, na lini.

Wataalamu wa tiba hutueleza kuwa takriban asilimia 90 ya mifupa atakayokuwa nayo binadamu maishani huwa imekwisha kujengeka afikapo umri wa miaka 18, akiwa msichana, au 20 akiwa mvulana. Sehemu kubwa ya jambo hili huamuliwa na urithi, na hapo hatuna la kufanya. Iliyobakia iko mikononi mwetu: chakula, jua na mazoezi. Yamkini lugha yenyewe hutupotosha, maana mtu akikonda twasema amebaki mifupa mitupu, kana kwamba mfupa ni masalio yasiyo na uhai. Kumbe mfupa ni hai, nao hubomolewa na kujengwa upya siku zote.

Hebu tumtazame msichana wa miaka 15 katika mojawapo ya shule zetu za bweni. Huamka kabla ya alfajiri, akanywa chai iliyoonja maziwa kwa mbali. Mchana ni githeri, jioni ugali na kabeji. Kijana wa umri huo anahitaji miligramu 1,300 hivi za kalsiamu kwa siku, ilhali glasi moja ya maziwa humpa takriban 300. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 80 tungali tunazikumbuka pakiti za Maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa mwaka 1979 na kusambaratika katika miaka ya 90. Ikiwa maziwa ni ghali, basi kuna omena, ambao huliwa na miiba yao, kuna wimbi, ambao una kalsiamu nyingi mno kuliko mahindi, na kuna sukuma wiki. (Spinachi, licha ya sifa zake, ina asidi inayoizuia kalsiamu isifyonzwe vyema mwilini.) Ama jua la ikweta, ambalo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, tunalo tele, lakini halipenyi paa la mabati la darasa.

Linaloniudhi zaidi ni mazoezi. Mfupa huimarika unapobebeshwa uzito na kutikiswa: kwa kukimbia, kuruka kamba, kucheza netiboli. Nilipomtembelea binti yangu shuleni mwaka jana, niliona ratiba ukutani ikiwa na vipindi vya elimu ya viungo, nikafurahi. Binti akacheka.

"Hicho ni cha Hisabati, Baba. Uwanjani hatuendi."

Nilitaka kumkabili mwalimu mkuu, kisha nikakumbuka kwamba katika mkutano wa wazazi wa muhula uliotangulia ni mimi, pamoja na wenzangu, tuliomshikia bango kuhusu alama za Hisabati. Hatukuuliza hata mara moja watoto hukimbia saa ngapi. Walimu hutupa tunachokidai.

Kwa hivyo wazazi na tuanze kudai kingine. Nao wakaguzi wa Wizara ya Elimu wasitosheke na ratiba iliyobandikwa ukutani. Wafike bila taarifa saa ile ile ambayo ratiba inadai kuwa watoto wako uwanjani, watazame kama kuna yeyote huko, kisha wapitie jikoni.