Waraka wa wazi kwa Idara ya Akiolojia ya Nepal: Mashimo ya nguzo ya Lumbini

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Akiolojia,
Kathmandu, Nepal.

YAH: UDONGO ULIOBAKI CHINI YA LUMBINI NA TILAURAKOT

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Lamu, kwa Kiswahili, na najua huenda itabidi atafutwe mkalimani. Mimi si Mbudha. Ni mtu niliyeshinda misimu miwili nikichekecha udongo kwenye machimbo ya mji wa kale huku pwani, na tangu siku hizo nikiona shimo la nguzo siwezi kulipita hivi hivi.

Shimo la nguzo ukilitazama haraka huoni kitu. Ni doa jeusi la duara, upana wa kisahani cha kikombe, katikati ya udongo wa manjano. Nguzo yenyewe ilikwishaoza, tundu likajaa mchanga na vipande vya mkaa. Fundi aliyetufunza kazi alikuwa akinyunyizia maji kidogo, anangoja, mpaka rangi mbili ziachane. Ndipo anashika mwiko. Shanga, kisiwani Pate, ni madoa kama hayo yaliyoonyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe palikuwa na msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8. Kwa hiyo mwaka 2013, timu ya wanaakiolojia Robin Coningham na Kosh Prasad Acharya, ambaye aliwahi kukikalia kiti chako, ilipotangaza ilichokikuta chini ya hekalu la Maya Devi, Lumbini, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Walichimba ndani ya hekalu huku watawa na mahujaji wakiendelea na ibada zao pembeni. Chini ya matofali ya enzi za Mfalme Ashoka wakakuta matofali ya zamani zaidi, na chini ya hayo mashimo ya nguzo za uzio wa miti. Uzio ulizunguka kiwanja kilichoachwa wazi katikati, bila dalili ya paa, na pale katikati palikuwa na alama za mizizi ya mti. Mkaa na chembe za mchanga kutoka kwenye mashimo vilipimwa kwa njia mbili tofauti, na vipimo vikarudi hadi karne ya 6 KK. Waliojenga kwa tofali baadaye walifuata ramani ile ile na kuuachia mti nafasi yake. Hilo ndilo lililonigusa kuliko tarehe. Vizazi kwa vizazi watu walijenga upya mahali pale, na hakuna aliyethubutu kuufunika ule mti.

Magazeti mengi yaliandika kwamba sasa imethibitika Budha aliishi karne ya 6 KK. Haijathibitika, na wataalamu kadhaa walisema hivyo papo hapo. Watu wa bonde la Ganges waliheshimu miti kabla ya Budha, na uzio wa mti hautaji jina la mtu. Kinachotaja jina ni nguzo ya jiwe iliyo nje. Ashoka alifika mwenyewe, miaka 20 baada ya kutawazwa, akaacha maandishi kwamba hapa alizaliwa Budha wa ukoo wa Wasakya, kisha akakipunguzia kijiji kodi ikawa sehemu moja ya nane. Habari ya kodi ndiyo inayonifanya nimwamini. Palikuwa na kijiji, na wakulima waliojua hasa mfalme amewaachia nini.

Nguzo hiyo iliibuliwa mwezi Desemba 1896 na Jenerali Khadga Shamsher pamoja na Alois Führer. Mwaka 1898 Führer aliacha kazi kwa aibu, baada ya kubainika kwamba alighushi maandishi katika machimbo mengine na kumuuzia mtawa wa Burma masalia ya bandia. Nguzo ya Lumbini ilinusurika na doa la Führer kwa sababu maandishi yake yalikuwa chini ya ardhi, na udongo uliyashuhudia. Halafu miaka ya 1930 likaja chimbo kubwa la Kesher Shamsher. Tabaka zikaondolewa kwa kasi, maelezo yakaandikwa machache, na kifusi kikarundikwa vilima. Kilichopimwa mwaka 2013 ni kile kidogo ambacho majembe ya miaka ile hayakukifikia.

Sasa ombi langu. Kati ya Bhairahawa na Lumbini viwanda vya saruji vimejipanga barabarani, na kila mwaka mahujaji wanahitaji vyoo, mabomba, njia na taa. Sipingi hata kimoja. Lakini hapa kwetu nimeshuhudia mtaro wa bomba ukipitishwa katikati ya eneo tulilokuwa tumelizungushia kamba. Kazi ilikuwa ya asubuhi moja, na aliyeiamuru hakuwa mtu mbaya; hakuna aliyemwambia kwamba yale madoa meusi ni nyumba za watu. Nilikusanya vigae kutoka kwenye kifusi nikijua havitatuambia tena vilitoka tabaka gani.

Naomba idara yako itoe amri iliyoandikwa, inayojulikana na kila kontrakta: Lumbini, Tilaurakot na Ramagrama, pasichimbwe hata shimo la nguzo ya taa kabla mwanaakiolojia hajafungua shimo la majaribio na kuandika alichokiona. Tilaurakot hasa. Huko, chini ya ukuta wa matofali kuna boma la udongo, na chini ya udongo kuna boma la miti. Mabishano kama Kapilavastu, mji alikokulia Budha, ndiyo hiyo, au ni Piprahwa upande wa India, hayatamalizwa na wanasiasa wa upande wowote. Yakimalizwa, yatamalizwa na madoa kama yale. Na Ramagrama, ambako mapokeo yanasema Ashoka mwenyewe aliacha kufungua stupa, kilima cha masalia ya Budha, kichuguu kile chenye majani kiachwe kama alivyokiacha.

La pili ni dogo. Ndani ya hekalu mgeni hupita juu ya ubao, miguu mitupu, akaonyeshwa jiwe la alama ya alipozaliwa Budha, lililo chini ya kioo, akatoka. Mashimo ya nguzo haelezwi. Wekeni kibao pale, kwa Kinepali, Kihindi na lugha nyingine mtakazoona zinafaa, kiseme palikuwa na uzio wa miti na mti katikati, kiseme umri wake, na kiseme waziwazi kwamba udongo haujatuambia mti ule ulikuwa wa nani. Hujaji aliyetoka Sri Lanka au Japani kuja kuinamisha kichwa hapo hatavunjika moyo kwa sentensi hiyo.

Nitashukuru ukijibu hadharani, kama nilivyoandika hadharani. Mkihitaji mtu wa kuchekecha udongo bila malipo msimu wa kiangazi, macho yangu bado yanaona rangi mbili zinapoachana.

Wako mtiifu,
Mchekecha udongo wa zamani,
Lamu